Picha Yenye Vitu Vichache Nayo Ni Kazi



Jua linapozama Rumonge, mtu aliyesimama ufukweni huona vitu vitatu: maji, milima ya Kongo ng'ambo, na mbingu. Usiku zinaongezeka taa za wavuvi wa ndagala, basi. Siku hizi wapo wachoraji wa katuni za kompyuta wanaopenda mandhari ya namna hiyo: mstari mmoja wa maji, rangi mbili tatu, mtumbwi mmoja unaokwenda. Mwenye kulipa akiitazama husema, "Hii ni kazi ya dakika tano." Sisi wa chama tunakataa, na sababu tunazo.

Kazi iliyojificha

Katuni ni picha nyingi zinazopita haraka mbele ya macho. Kwa kawaida ya sinema, sekunde moja hupitisha picha 24. Dakika moja ni picha 1,440. Kompyuta imepunguza mzigo huo. Ziwa huchorwa mara moja likakaa chini, na mtumbwi huchorwa peke yake ukawekwa juu. Mchoraji huonyesha mtumbwi unapoanzia na unapofikia, mashine ikajaza katikati. Lakini mashine ikiachiwa huupeleka mtumbwi kama gari la moshi kwenye reli. Kuyumba kwake ni kazi ya mkono na jicho la mtu.

Tena, penye vitu vichache kosa halina pa kujificha. Katika msitu, mti mmoja ukikaa vibaya nani atauona? Lakini mtumbwi ulio peke yake majini ukikaa vibaya, kila mvuvi atacheka. Na mstari wa maji ukipandishwa kidogo tu, watu wa pwani hii wanaelewa bila maneno, maana mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipanda likaingia majumbani.

Wagomaji wa 1941

Historia ya mtindo huu inatuhusu. Tarehe 29 Mei 1941 wachoraji wa kampuni ya Walt Disney, Marekani, waligoma wakidai chama chao kitambuliwe. Mwaka huohuo kikatambuliwa. Baadhi ya wagomaji hawakubaki. Walianzisha studio yao iliyokuja kuitwa UPA. Mwaka 1944 studio hiyo ilitengeneza katuni ya uchaguzi kwa ajili ya chama cha wafanyakazi wa viwanda vya magari. Wenzetu hao waliacha kuchora msitu jani kwa jani, wakatumia rangi tupu na mistari michache. Katuni yao Gerald McBoing-Boing ilipata tuzo ya Oscar ya mwaka 1950.

Kwetu Afrika Mashariki

Mwaka 1968, Dar es Salaam, Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora wanyama kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya ubao. Mara nyingi ni mnyama mmoja, na nyuma yake rangi tupu. Alifariki mwaka 1972, lakini mtindo ulibaki na jina lake. Mwaka 2010 katuni za Tinga Tinga Tales, zilizotengenezwa Nairobi kwa kompyuta kwa kufuata mtindo huo, zilianza kuonyeshwa katika televisheni ya watoto ya BBC, Uingereza. Mnyama wa ubaoni amevuka bahari. Basi kila mchoraji ajiulize: kazi yangu ikivuka hivyo, je, ujira wangu utavuka nayo? Jibu hutoka katika mkataba.

Tunachodai

Mvuvi wa Rumonge anaijua habari hii. Mnunuzi huona beseni la ndagala, haoni usiku wa baridi ziwani. Mwenye kununua mawese huona debe, hamwoni aliyepanda mchikichi. Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, mkataba wa maandishi kabla ya kazi kuanza, unaosema picha itaonyeshwa wapi na kwa muda gani. Pili, malipo yahesabu muda wa kazi, si wingi wa vitu vilivyomo katika picha. Tatu, jina la mchoraji liandikwe. Burundi ina sheria ya haki za watunzi tangu mwaka 2005, tuisome, tuitumie.

Kijana wa Rumonge, chora ziwa lako kwa mistari mitatu ukitaka. Usikubali kulipwa kwa kuhesabiwa mistari. Na usiende kuzungumza na mwenye kulipa ukiwa peke yako. Umoja ni nguvu.