Seva ya nyumbani ikigoma, chunguza mlango kabla ya kulaumu diski

Na Mwandishi Wetu

ZIPO familia za mijini ambazo zimekwisha kuachana na albamu za karatasi. Picha za harusi, video za watoto, hesabu za duka na tasnifu za wanafunzi zimekusanywa ndani ya kisanduku kimoja kilichowekwa sebuleni, ambacho wenyewe hukiita seva ya nyumbani.

Kisanduku hicho kinapofanya kazi vyema, hakuna anayekikumbuka. Tatizo huanza siku ambayo folda hazionekani, au seva inapokataa neno la siri ambalo jana lilikubaliwa.

Katika hali hiyo, mara nyingi kinachoteketeza kumbukumbu za familia si hitilafu yenyewe, bali ni hatua zinazochukuliwa kwa hofu katika dakika za kwanza. Diski ambayo bado ilikuwa inasomeka hufomatiwa, na diski nzima huchomolewa huku ile mbovu ikiachwa mahali pake.

Makala haya yanaeleza namna ya kutambua chanzo cha tatizo kwa utaratibu, na hatua za kuepuka ili kisichoharibika kisiharibiwe.

Seva ya nyumbani ni nini?

Kimsingi, seva ya nyumbani ni kompyuta yenye diski moja au zaidi, ambayo huruhusu vifaa vingine vya nyumba hiyo kusoma na kuandika mafaili kupitia mtandao. Inaweza kuwa kisanduku maalumu kilichonunuliwa dukani, au kompyuta ya zamani iliyowekewa programu ya kazi hiyo.

Ili faili moja ifike kwenye kompyuta ya mtumiaji, hupita hatua kadhaa. Kwanza ipo diski yenyewe, kisha mfumo unaopanga mafaili ndani ya diski, halafu huduma inayogawa folda kwa watumiaji, na mwisho mtandao wa nyumbani.

Hatua hizo zinaweza kugawanywa katika makundi mawili: ghala na mlango. Diski na mpangilio wa mafaili ndilo ghala, na huduma ya kugawa folda pamoja na mtandao ndio mlango. Kwa mtumiaji aliyeko nje, mlango uliofungwa na ghala lililoungua huonekana sawa, kwa kuwa pande zote mbili hapati kitu.

Jaribio la kwanza

Hatua ya kwanza ni kufungua ukurasa wa usimamizi wa seva kwa kutumia kivinjari, kwa kuandika namba ya anwani yake katika mtandao wa nyumbani, kwa mfano 192.168.1.10. Namba hiyo hupatikana katika orodha ya vifaa iliyomo kwenye ruta.

Ukurasa ukifunguka na mafaili yakaonekana humo, basi ghala ni salama na kilichokwama ni mlango. Hapo hakuna sababu yoyote ya kugusa diski.

Hatua ya pili ni kujaribu kwa kifaa kingine. Iwapo simu inafungua folda ambazo kompyuta imeshindwa kuzifungua, kosa liko kwenye kompyuta. Iwapo vifaa vyote vimeshindwa, tatizo liko kwenye seva au mtandao. Na iwapo folda moja tu ndiyo imegoma wakati nyingine zinafunguka, chunguza ruhusa za folda hiyo au diski inayoihifadhi.

Kwa wakazi wa maeneo ambayo umeme hukatika mara kwa mara, ipo sababu moja nyepesi ambayo husahaulika. Umeme unaporudi, ruta inaweza kuipa seva anwani mpya, na njia ya mkato iliyokuwa ikielekeza kwenye anwani ya zamani ikawa haifiki popote. Dawa yake ni kuiagiza ruta iitengee seva anwani moja ya kudumu.

Mlango unapofungwa

Kompyuta nyingi za nyumbani hugawana folda kwa kutumia utaratibu wa mawasiliano unaojulikana kama SMB. Utaratibu huo umekuwa na matoleo kadhaa, na toleo la kwanza lina asili yake katika miaka ya 1980.

Mei 12, 2017, programu haribifu iliyoitwa WannaCry ilianza kuenea duniani kwa kupitia udhaifu uliokuwamo katika toleo hilo la kwanza ndani ya Windows, na miongoni mwa walioathirika zilikuwa hospitali za Uingereza. Kampuni ya Microsoft ilikuwa imetoa marekebisho tangu Machi mwaka huo, lakini kompyuta nyingi zilikuwa hazijayapokea.

Kuanzia toleo la Windows 10 lililotoka Oktoba 2017, SMB ya kwanza haiwekwi tena katika kompyuta inayosakinishwa upya. Matokeo yake ni kwamba seva za zamani zinazofahamu utaratibu huo pekee hutoweka machoni pa kompyuta mpya, ingawa diski zake ni nzima.

Aidha, toleo la 24H2 la Windows 11, lililoanza kusambazwa Oktoba 2024, liliongeza ukali. Katika toleo la Pro, kwa mfano, kompyuta hudai mawasiliano yawe na sahihi ya usalama, na hukataa kuingia kama mgeni asiye na neno la siri. Folda iliyokuwa wazi kwa kila mtu ndani ya nyumba inaweza kufungwa mara tu baada ya kompyuta kupokea toleo hilo.

Njia sahihi si kuurejesha utaratibu wa zamani, kwani huko ni kuvunja kufuli kwa sababu ufunguo umepotea. Ingia katika ukurasa wa usimamizi, sasisha programu ya seva, ruhusu SMB ya pili na ya tatu, kisha mfungulie kila mtumiaji jina lake na neno lake la siri.

Kuhusu neno la siri, yapo mambo matatu yanayowasumbua wengi. Kwanza, namba fupi ya kufungulia Windows siyo neno la siri la seva. Pili, Windows hutunza maneno ya siri ya zamani na kuyapeleka kimyakimya, hivyo hukataliwa hata baada ya mwenyewe kuyabadilisha kwenye seva. Yafute katika orodha ya maneno ya siri yaliyohifadhiwa.

Tatu, Windows hairuhusu mtumiaji mmoja kuingia kwenye seva ileile kwa majina mawili tofauti kwa wakati mmoja. Aliyefungua folda ya picha kwa jina la baba hataweza kufungua folda ya hesabu kwa jina la mama mpaka akate muunganisho wa kwanza.

Kadhalika, seva nyingi zina ruhusa za ngazi mbili: za folda inayogawiwa, na za mafaili yaliyomo ndani yake. Zinapotofautiana, ile iliyo kali zaidi ndiyo hushinda. Ndiyo sababu mtu huweza kuiona folda na kuifungua, lakini akashindwa kuhifadhi kitu ndani yake.

Ghala linapoanza kuungua

Ikiwa mlango uko sawa, sasa ndipo diski ichunguzwe. Dalili za diski inayoelekea kufa ni kusoma faili kwa muda mrefu kupita kawaida, kutoweka na kurejea bila sababu, mafaili kukataa kunakiliwa, na kutoa mlio wa kugonga unaojirudia.

Diski hujikagua zenyewe kwa mfumo uitwao SMART, na seva nyingi huonyesha matokeo yake katika ukurasa wa usimamizi. Kwa diski za kawaida za SATA, vipengele vichache vinafaa kuangaliwa kwa makini.

Kipengele namba 5 huhesabu sehemu zilizoharibika ambazo diski imezibadilisha kwa sehemu za akiba. Namba 197 huhesabu sehemu zinazoshukiwa kwa kuwa zimeshindwa kusomeka, na namba 198 huhesabu zile ambazo ukaguzi umethibitisha kuwa hazisomeki. Hesabu hizi zikiwa zinapanda wiki hadi wiki, diski inaaga.

Namba 199 ni habari nyingine. Hiyo huhesabu makosa ya mawasiliano kati ya diski na kompyuta, na kwa kawaida mkosaji ni kebo iliyolegea au kuchakaa. Mtu anaweza kutupa diski nzima kwa kosa la kebo.

Hata hivyo, ukimya wa SMART si cheti cha afya. Utafiti wa kampuni ya Google uliotolewa mwaka 2007, uliochunguza diski zaidi ya 100,000, ulibaini kuwa diski iliyoonyesha kosa la kwanza la ukaguzi ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60 kuliko isiyo na kosa. Lakini utafiti huohuo ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimetoa hata moja ya ishara nne zilizo kuu.

Nakili kwanza, tengeneza baadaye

Diski ikishukiwa, kanuni ni moja: acha kuandika chochote juu yake, na anza kunakili. Anza na vitu visivyoweza kupatikana tena, yaani picha na nyaraka za familia, kisha ndipo filamu na muziki zifuate.

Usianze kwa programu ya kurekebisha makosa ya diski. Programu hizo huisoma diski mfululizo kwa saa nyingi na kuandika juu yake, kazi ambayo diski dhaifu huenda isiimalize. Programu huria ya GNU ddrescue ni salama zaidi, kwani hunakili kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, halafu hurudi kwenye sehemu korofi. Inahitaji diski nyingine yenye ukubwa sawa au zaidi.

Diski inayogonga izimwe mara moja na kupelekwa kwa wataalamu wa kurejesha data. Kuifungua nyumbani ni kuiua, kwa kuwa punje ya vumbi inatosha kukwaruza uso wake.

Upo mtego mwingine mkubwa. Wapo wanaochomoa diski kwenye seva na kuiunganisha na kompyuta yenye Windows ili kuokoa mafaili. Seva nyingi hupanga mafaili kwa mifumo ya Linux kama vile ext4 na Btrfs, ambayo Windows haiisomi yenyewe. Windows huiona diski hiyo kama ngeni na kuomba ruhusa ya kuifomati. Jibu ni hapana, siku zote. Diski hiyo isomwe kwa kompyuta yenye Linux.

Diski mbili si nakala mbili

Wenye seva za diski mbili au zaidi hujiona wako salama kwa sababu ya mpango wa RAID, ambapo diski moja ikifa nyingine huendelea kutoa huduma. Mpango huo una manufaa, lakini una masharti yake.

Andika mapema namba ya utambulisho ya kila diski na nafasi iliyokaa. Seva ikitangaza kuwa diski moja imekufa, linganisha namba hizo kabla ya kuchomoa, kwani kuchomoa iliyo nzima kunaweza kuangusha kundi zima.

Chunguza pia aina ya diski unayonunua. Aprili 2020, kampuni ya Western Digital ilikiri kuwa baadhi ya diski zake za WD Red zenye ukubwa wa kati ya terabaiti 2 na 6 zilitumia teknolojia ya SMR, ambayo hupandanisha mistari ya data kama vigae vya paa. Diski za namna hiyo huandika polepole mno pale kundi la RAID linapojengwa upya, kiasi kwamba baadhi ya mifumo huzihesabu kuwa zimekufa.

Zaidi ya hayo, RAID haizuii faili lililofutwa kwa bahati mbaya, moto, wala mwizi. Juni 2021, wamiliki wa vifaa vya My Book Live katika nchi mbalimbali walikuta data zao zimefutwa na watu walioviingilia kupitia intaneti. Vifaa hivyo vilikuwa havijapokea marekebisho ya programu tangu mwaka 2015, na diski zenyewe zilikuwa nzima.

Kinga

Seva iunganishwe na kifaa cha akiba ya umeme cha UPS, hasa kile chenye waya wa kuiarifu seva izime yenyewe kabla betri haijaisha. Umeme unapokatika katikati ya kuandika, mpangilio wa mafaili huweza kuvurugika hata kama diski ni nzima. Diski ya nje inayotoweka kila mara nayo ijaribiwe kwa adapta nyingine kabla ya kuhukumiwa.

Muhimu kuliko yote ni kanuni ya nakala tatu: data iwe na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati ya hizo ikae nje ya nyumba. Diski ya nje inayonakiliwa kila mwezi na kutunzwa kwa ndugu inatosha kuanzia. Mara kwa mara jaribu kufungua picha chache kutoka katika nakala hiyo, kwa kuwa nakala isiyojaribiwa ni matumaini tu.

Gharama ya diski ya pili ni ndogo ikilinganishwa na ada ya wataalamu wa kurejesha data, ambao nao hawawezi kuahidi kufanikiwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa picha za mzazi aliyekwisha kufariki dunia, huo ni ukuta usiojengeka tena.