Kasapa: Sauti zinazokataa kuisha, na umeme mdogo unaojaribiwa kuzituliza

Zinamtukana, zinamuamuru, wakati mwingine zinazungumza juu yake kama vile hayupo. Mgonjwa wa skizofrenia anazisikia kweli, hata kama ndugu zake chumbani hawasikii kitu.

Mwaka 2022, Shirika la Afya Duniani, OMS, lilikadiria kwamba ugonjwa huu unampata karibu mtu 1 kati ya 300. Kwa mji wa Lubumbashi, wenye wakaaji zaidi ya milioni 2, hesabu hiyo inapita watu 6,000. Kasapa inajulikana kwa chuo kikuu na gereza, lakini nyumba zenye mgonjwa wa aina hii ziko huko pia, kama zilivyo Katuba au Kenya.

Dawa zipo tangu 1952, wakati Largactil ilipoanza kutumiwa Paris, na zinasaidia wengi. Hata hivyo, karibu robo ya wagonjwa huendelea kusikia sauti wakimeza vidonge vizuri. Hapo familia huchoka, na mara nyingi safari inayofuata ni ya chumba cha maombi.

Ni kwa wagonjwa hao watafiti wanajaribu kutuliza ubongo kutoka nje. Mwaka 1999, Ralph Hoffman wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, alitangaza matokeo ya sumaku iliyowekwa upande wa kushoto wa kichwa, juu kidogo ya sikio, sehemu inayoshughulika na kusikia maneno. Mwaka 2012, Jérôme Brunelin na wenzake wa Lyon, Ufaransa, walitumia umeme mdogo sana, miliampea 2, kwa wagonjwa 30: dakika 20, mara mbili kwa siku, siku tano. Kwa waliopata umeme wa kweli, sauti zilipungua kwa karibu 31%, na nafuu ilidumu hadi miezi mitatu.

Huu si ule umeme wa kumtia mgonjwa degedege, ambao watu wanauogopa. Hapa mgonjwa yuko macho, ameketi kitini, anasikia muwasho tu. Kifaa cha Lyon ni kidogo na kinaweza kutumia betri, jambo jema pale ambapo SNEL inakata umeme bila kuaga.

Lakini tusikimbilie. Huko Uholanzi, majaribio ya sumaku ya 2011 na ya umeme ya 2018 hayakuona tofauti na kifaa cha uongo. Anayeahidi uponyaji kwa mashine hii anauza maneno. Na hakuna mtafiti aliyesema vidonge viachwe.

Lubumbashi ina kituo cha Joseph Guislain cha Ndugu wa Upendo, kinachotunza wagonjwa wa akili. Kabla ya kuulizia mashine, familia inaweza kumuuliza muganga kuhusu clozapine, dawa ya wale ambao dawa mbili za kwanza zimeshindwa. Inaweza kushusha chembe nyeupe za damu, ndiyo maana damu hupimwa kila wiki katika miezi ya kwanza. Gharama ya vipimo hivyo iulizwe siku hiyo hiyo.