Bei ya Mkonge Haipangwi Hale

Kamati za sharika hutuuliza kwa nini bei ya mkonge hupanda na kushuka bila mkulima kuulizwa. Mmea wenyewe ulikuja kwa meli: mwaka 1893 Dk. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62 tu! Mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha tani zaidi ya 230,000. Kisha kamba za plastiki, zitokanazo na mafuta ya petroli, ziliteka soko la nje. Mashamba mengi yakageuka pori, na waliokuja kama manamba wakakosa kazi. Mkonge hukatwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu hivi, na bei ya siku hiyo haijulikani leo. Hivyo tunaziomba kamati, kabla ya kupitisha mkopo wa kikundi, zihakikishe mahindi yamebaki kati ya mistari.