Kuta za Wazee Wetu, Toka Ujiji Hadi Kilwa

Swali hili huulizwa mara kwa mara katika vibaraza vya Ujiji baada ya sala ya Alasiri: Je, yafaa Muislamu kufunga safari, akatoa nauli na akawaacha watu wa nyumbani kwake, kwa ajili ya kwenda kutazama majengo tu? Wapo wasemao kuwa ni israfu. Wapo pia waitajao hadithi mashuhuri ya misikiti mitatu, yaani wa Makka, wa Madina na wa Baitul-Muqaddas, wakadai kwamba mwenye kwenda kuutazama msikiti mwingine wowote amekwisha kuikhalifu.

Jawabu lake, wasomaji watukufu, si gumu. Wanavyuoni wengi wameeleza kuwa makusudio ya hadithi hiyo ni mtu kuufungia safari msikiti kwa kuitakidi kwamba sala ndani yake ina ubora upitao misikiti mingine. Ama safari ya kutafuta elimu, au ya biashara, au ya kuwaona jamaa, hiyo haimo katika katazo hilo. Na Qur'ani yenyewe imetuhimiza mahali pengi tutembee katika nchi na kutazama yaliyowapata waliokuwa kabla yetu. Sasa mtu atayatazamaje hayo naye hataki kuziona kuta walizoziacha? Kuhusu israfu, hiyo ni juu ya kila mtu na mfuko wake. Asiyelipa deni la duka asipande gari kwenda kutazama kuba.

Basi na tuianze safari hapa hapa kwetu, maana asiyeujua mlango wa nyumba yao hawezi kuupambanua mlango wa watu.

Anayeshuka garini Kigoma hukutana kwanza na stesheni. Wajerumani waliianza reli ya kati huko Dar es Salaam mwaka 1905, wakaifikisha Tabora mwaka 1912, na mwaka 1914 ikafika ziwani, mwaka ule ule ilipozuka Vita Kuu ya kwanza. Jengo lao la stesheni lingali limesimama, na abiria wangali wakingoja katika kivuli chake pamoja na madumu yao ya mawese na magunia ya dagaa. Ni jengo zuri, sikatai. Lakini ni jengo la serikali, limewekwa pale ili lionekane kutoka mbali, na mwenye kulitazama hujifunza nguvu za waliolijenga zaidi kuliko maisha ya watu wa mji.

Ujiji ni habari nyingine. Wageni wengi huletwa hadi mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871, hupigwa picha penye ukumbusho, hutazama miembe, kisha hurudishwa Kigoma kabla jua halijatua. Nyumba za mji hawaziangalii hata kidogo. Na huu ndio mji ambao Burton na Speke waliufikia mwaka 1858, nao ulikwisha kujulikana na wafanyabiashara wa pwani kabla yao. Mji uliokuwa mwisho wa njia ya misafara itokayo Bagamoyo na kupitia Tabora. Katika njia hiyo zilipita pembe za ndovu, na walipita wanadamu waliofungwa minyororo. Haifai kulificha jambo hilo tunapozisifu nyumba zilizojengwa kwa mali ya biashara ile.

Pamoja na mizigo ilikuja pia namna ya kujenga: nyumba ya pembe nne, ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia, ua nyuma kwa ajili ya watu wa ndani, na kibaraza mbele kwa ajili ya wageni. Muislamu akiitazama ramani hiyo huona mara moja sababu yake, kwani mgeni hupata heshima yake bila ya kuivunja sitara ya wenye nyumba. Umbo ni la pwani, lakini mwili ni wa hapa. Ziwani kwetu hakuna matumbawe ya kuchomea chokaa, kwa hiyo wazee walijenga kwa udongo, miti na nyasi, na baadaye kwa matofali ya udongo.

Mwenye kwenda pwani kwa reli na ateremke Tabora afike Kwihara, si mbali na mji, aitazame tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872 baada ya kuagana na Stanley. Tembe ni nyumba ya kuta nene za udongo iliyouzunguka ua, na paa lake ni bapa, udongo ulioshindiliwa juu ya miti. Jua la Unyamwezi likiwa kali mno nje, mtu akiingia ndani huhisi kama aliyeingia chini ya mti mkubwa. Ukuta mnene huchelewa kupata joto, na usiku huchelewa kulitoa. Bati haliwezi kazi hiyo. Sisi tuliohamia chini ya mabati twajua jinsi watoto wanavyolia saa saba mchana, na jinsi khatibu asivyosikika mvua ikinyesha.

Wako watu waonao haya kusema kwamba walizaliwa katika nyumba ya udongo. Hao na wasome habari za Djenné, mji wa nchi ya Mali. Msikiti mkuu wa mji huo uliosimama leo ulijengwa mwaka 1907 mahali pa msikiti wa kale zaidi, nao ni udongo mtupu toka chini hadi juu, wenye minara, na vijiti vya mitende vilivyochomoza kutani safu kwa safu. Vijiti hivyo ni pambo, tena ni ngazi ya mafundi. Kila mwaka mji mzima hutoka kuupaka msikiti upya: vijana hubeba udongo uliochanganywa na kumbi za mpunga, wanawake huleta maji, na waashi, ambao wana chama chao na hurithishana kazi, hupanda juu kusimamia. Shirika la UNESCO liliuweka mji huo katika urithi wa dunia mwaka 1988. Mimi sijafika huko, ila kila nionapo picha zake huwaza kwamba kazi ile ile ya kupaka upya tuliifanya sisi pia kila kiangazi, tukaiita kazi ya kimasikini.

Hapa pana jambo ambalo kila mwenye nyumba inampasa alijue. Ukuta wa udongo hunywa maji ya mvua na ya ardhini kisha huyatoa. Ndio uhai wake. Ukiupaka saruji kwa nje, maji huingia kwa nyufa ndogo na kwa chini, wala hayapati njia ya kutoka. Miaka michache ukuta huonekana kama umepona, baadaye saruji hubanduka vipande vipande, na udongo ulio nyuma yake umekwisha kuwa uji. Ndipo watu husema, "Mmeona? Udongo haufai." Hali udongo ulikuwa umesimama miaka mingi kabla ya kuvishwa joho lisilokuwa lake. Ukuta wa udongo hupakwa udongo, au chokaa ikipatikana. Na hulindwa kwa mambo mawili, msingi wa mawe ulioinuka na upenu mrefu.

Nimeyataja hayo kwa sababu mtaani kwetu kuna msikiti mdogo wa kale, na sasa pana shauri la kuubomoa. Fedha zimekwisha kuchangwa kiasi. Hoja ya vijana ina uzito, wala sipendi idharauliwe: siku ya Ijumaa nusu ya watu husali nje juu ya mikeka, na masika ikifika huloa. Nyumba ya Mwenyezi Mungu haikujengwa ili iwe kitu cha makumbusho, na mzee asemaye usiguswe hata kijiti, hali yeye ana nafasi yake safu ya kwanza, hajawatendea haki walioko uani. Wenzao wa upande wa pili husema kwamba kuta zile zilishindiliwa na babu zao kwa miguu yao wenyewe, na kwamba fundi ajuaye kazi ile amebaki mmoja, naye haoni vizuri. Pande zote mbili zasema kweli. Mimi rai yangu niliipata Kilwa.

Kufika Kilwa kutoka Kigoma ni safari ndefu. Reli ya zamani ingali ikituchukua, na tangu mwaka 2024 ipo reli mpya ya umeme ichukuayo abiria baina ya Dodoma na Dar es Salaam. Kutoka Dar es Salaam ni basi la kusini hadi Kilwa Masoko, ambako mtu hupata kibali, kisha huvuka kwa chombo mpaka kisiwani. Ibn Battuta alifika kisiwa hicho mwaka 1331, akaandika kwamba mji wake ni miongoni mwa miji mizuri, akamsifu sultani wake, al-Hasan bin Sulaiman, kwa ukarimu wake. Dhahabu ya Sofala ilipita bandarini hapo. Sultani huyo ndiye anayenasibishwa na jumba la Husuni Kubwa, lililo juu ya jabali kando ya bahari, lenye vyumba vipatavyo mia na hodhi ya maji ya pembe nane.

Lakini msafiri asikae mno Husuni. Na aende kwenye Msikiti Mkuu akae huko mchana kutwa. Asili ya msikiti huo ni ya karne ya 11. Sehemu ya kale, iliyo upande wa kibla, ni ndogo. Watu walipozidi, katika karne ya 14, wenyeji hawakuibomoa. Waliongeza nyuma yake, upande wa kusini, jengo kubwa kuliko lile la kwanza mara kadhaa, lenye kuba na matao, hata ukawa msikiti mkubwa kuliko yote ya pwani hii kwa muda mrefu. Nguzo za nyongeza hiyo hazikudumu, ikabidi katika karne ya 15 wajenge tena kwa nguzo imara za pembe nane, mawe na chokaa, ambazo ndizo azionazo msafiri leo. Kwa hiyo mtu aliyesimama mlango wa kusini hutazama mbele, akipita baina ya nguzo za vitukuu, mpaka kwenye mihrabu iliyo katika sehemu ya mababu.

Mafundi wa pwani walikuwa na tatizo moja kubwa, nalo ni boriti. Mti wa mkoko ni mgumu, lakini boriti zake zilizotumika kujengea hazizidi sana mita tatu, ndiyo maana vyumba vya nyumba za mawe toka Lamu hadi Kilwa ni virefu na vyembamba. Tao na kuba huikwepa boriti. Mawe huegemeana yenyewe na chokaa huyashika. Jiwe la nakshi walilichonga kutokana na matumbawe yaliyotolewa baharini, ambayo yakiwa mabichi hukatika kwa wepesi, na yakikaa hewani huwa magumu. Chokaa waliipata kwa kuyachoma mawe ya matumbawe juu ya tanuri la magogo. Karibu na Msikiti Mkuu upo msikiti mdogo wenye kuba tisa, uliosalimika vizuri kuliko wenziwe, na ndani ya kuba yake ya katikati mafundi walitia bakuli za kauri ziwe pambo.

Kilwa iliingia urithi wa dunia mwaka 1981, na mwaka 2004 ikawekwa katika orodha ya mahali palipo hatarini, kwani mawimbi na mvua zilikuwa zikizila kuta. Kazi ya kuzitengeneza ilifanywa, na mwaka 2014 ikatolewa katika orodha hiyo.

Jambo jingine kwa wanafunzi wangu. Kilwa mihrabu huelekea kaskazini hasa, kwani Makka iko karibu sawasawa juu ya kisiwa hicho. Ujiji, kwa kuwa tuko mbali magharibi, kibla chetu kimelalia mashariki kiasi cha digrii 20 kutoka kaskazini. Djenné huelekea mashariki. Mtoto akielezwa hayo kwa ramani huifahamu jiografia kuliko kwa kukariri.

Unguja nitaipita haraka, maana imeandikwa mno. Asikose mtu kufika Kizimkazi, kwenye msikiti ambao kwa nje una paa la bati kama wetu, na ndani, ukutani mwa kibla, yamo maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Na Beit el-Ajaib, jumba la Seyyid Barghash la mwaka 1883, liliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020, nalo lilikuwa linatengenezwa, na watu wawili wakafa. Jengo la kale halingoji mpaka watu wamalize shauri lao.

Turudi mtaani. Rai niliyoitoa mbele ya kamati ni kuwa tufanye kama watu wa Kilwa: sehemu ya kibla ibaki, ipakwe udongo wake, iongezewe upenu, na nyuma yake, upande wa uani, ijengwe nyongeza kubwa, hata ikiwa ya matofali ya kuchoma. Kiwanja kipo, isipokuwa jirani mmoja ambaye itabidi azungumzwe naye kwa wema na kulipwa thamani ya haki. Wengine wamekubali, wengine wasema gharama itazidi. Uamuzi bado.

Kwa hali yoyote, kabla ya sululu kuguswa, kila kitu kipimwe na kuandikwa: unene wa ukuta, kimo cha mihrabu, idadi ya miti ya dari na jina la kila mti, na maneno ya fundi juu ya udongo aliouchimba na mahali alipouchimba. Wanafunzi wakubwa wa chuo wanaweza kazi hiyo kwa futi ya mshonaji na daftari la mistari. Sisi tumekwisha kupima upande wa kibla, na ukuta wake una unene wa shibiri tatu kasoro vidole viwili. Upande wa mashariki umebaki kwa sababu ya mvua.