Sarafu za Kale Katika Kijaluba

Zimo nyumba Dar es Salaam, hasa Kariakoo, ambamo kijaluba cha fedha cha bibi, kilichofanywa kwa ajili ya tambuu, sasa huhifadhi sarafu za kale.

Jina Kariakoo latokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya 1914–1918, waliopiga kambi pale. Zama zile fedha ya nchi ilikuwa rupia. Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza kupigwa 1921.

Ukipata rupia ya Kidachi, itazame pande zote mbili. Iliyopigwa kati ya 1890 na 1902 ina simba na mtende, pamoja na jina la Kampuni ya Wadachi. Iliyopigwa tangu 1904 ni ya Serikali yao.

Lakini reale ya Sham, yenye sura ya Malkia Maria Theresa, usiisadiki tarehe yake. Malkia alifariki 1780, na mwaka huohuo ukazidi kuandikwa juu ya sarafu mpya hata karne ya 20.

Basi usikimbilie kwa sonara kuziyeyusha, kwani utalipwa uzito wake tu. Wala usizisugue kwa majivu na ndimu: weusi haudhuru, bali kusugua hula maandishi. Zifunge katika kitambaa kikavu cha pamba, kisha andika karatasini zilikuwa za nani na alizipataje. Waulize wazee leo. Sarafu zaweza kungoja, lakini azijuaye huenda asiwepo kesho.