Picha za sarafu za bibi: kamera nafuu inatosha, betri ndiyo ya kuchunga

Serengeti. Si ajabu, katika nyumba ya mzee huko Morotonga, pembeni mwa mji wa Mugumu, kukuta kopo la maziwa ya unga limejaa sarafu zisizonunua chochote dukani. Kuna senti 10 ya mkoloni yenye tundu katikati. Kuna shilingi yenye simba na milima nyuma yake. Kuna senti 20 ya mbuni na senti 50 ya sungura, za mwaka 1966, zenye sura ya Mwalimu Nyerere, mwaka uleule Benki Kuu ya Tanzania ilipoanza kazi.

Watoto wa nyumba hiyo wanazijua sarafu za sasa: faru na mtoto wake kwenye 50, swala kwenye 100, simba kwenye 200, nyati kwenye 500. Wanyama hao ni majirani zao hifadhini. Zile za kopo hawazijui. Siku moja mjukuu aliyeko Mwanza anapiga simu, "Bibi, naomba mzipige picha nizione vizuri." Picha ya kwanza inatumwa. Inaonekana duara jeupe linalong'aa, mwaka hausomeki. Baba anaanza kuulizia bei ya kamera, wakati hela iliyopo ni ya viatu vya shule.

Asikimbilie dukani. Picha ya sarafu ikiwa mbaya, mara nyingi kosa ni mwanga na mkono unaotikisika, siyo simu.

Simu nyingi za bei ya chini zina lenzi ndogo ya pili inayosifiwa kwa picha za karibu. Nyingi za lenzi hizo ni za megapikseli 2 tu na hutoa picha hafifu. Tumia kamera kuu ya simu, ukae mbali kidogo, sentimita 12 hadi 15 hivi, kisha ukate picha ibaki sarafu peke yake. Ukisogea karibu kupita kiasi, simu inashindwa kulenga na wewe mwenyewe unaikinga sarafu kwa kivuli.

Zima flashi. Chuma kinachong'aa hurudisha mwanga wote kwenye lenzi, ndiyo maana lile duara jeupe. Weka meza karibu na dirisha asubuhi, jua lisipige moja kwa moja, mwanga uingie kwa ubavu. Mwanga wa ubavu ndio unaoinua maandishi na kuonyesha alama ndogo, kama ile herufi T kwenye heller zilizotengenezwa Tabora mwaka 1916, Wajerumani walipokuwa wamebanwa na vita. Tandika karatasi nyeupe, weka kizibo cha soda, sarafu ikae juu ya kizibo. Kivuli kinaanguka mbali na hakionekani pichani. Simu iegemee juu ya vitabu viwili vilivyoachana, lenzi ikitazama chini kati yake, na utumie taima ya sekunde 2 au 3 ili kidole kisiitikise.

Jambo moja wazazi huwa wanalikosea kwa nia njema: kuzisugua sarafu kwa majivu, limao au dawa ya meno ili zipendeze kwenye picha. Wakusanyaji huzishusha thamani sarafu zilizosuguliwa. Shika ukingo wake tu, uziache na weusi wake.

Kama simu bado inashindwa, au ni simu moja inayogombaniwa na familia nzima, kamera ndogo ya mtumba inatosha. Usibabaishwe na hesabu ya megapikseli. 8 zinatosha kabisa kwa sarafu. Tafuta alama ya ua kwenye vitufe vyake. Hiyo ndiyo inayoiruhusu kamera kulenga kitu kilicho karibu sana, na kamera nyingi ndogo za Canon PowerShot na Nikon Coolpix zinayo. Muuzaji akisifia uwezo wa kuvuta picha, muulize kama ni lenzi inayosogea au ni programu tu. Ya programu hukuza picha bila kuongeza chochote.

Nenda dukani na sarafu mfukoni. Ipige picha palepale, uikuze kwenye kioo, usome mwaka. Elekeza lenzi kwenye mwanga uangalie ukungu ndani. Uliza pia betri: kamera inayotumia betri za kawaida za redio ndogo utaihudumia Mugumu, lakini yenye betri yake maalum ambayo haitengenezwi tena itageuka mapambo. Kamera za zamani sana hukataa memori kadi kubwa, kwa hiyo usiondoke bila kadi inayofanya kazi ndani yake.

Muuzaji anaweza pia kukushawishi uongeze kirimoti kidogo cha kupigia picha kwa mbali. Ni rahisi na kinasaidia. Ila wenye mtoto anayetambaa nyumbani wakae chini wafikirie, kwa sababu vingi vya virimoti hivyo hutumia betri bapa ya duara, yenye upana wa milimita 20, inayong'aa kama sarafu. Mtoto aliyemwona bibi akipanga sarafu mezani hatofautishi.

Sarafu iliyomezwa mara nyingi hupita tumboni na kutoka yenyewe, ingawa nayo inaweza kukwama na lazima mtoto apelekwe akaangaliwe. Betri ni jambo jingine. Ikikwama kwenye koo la chakula, umeme wake hukutana na unyevu na kutengeneza kemikali inayounguza nyama kutoka ndani. Madhara makubwa yanaweza kutokea ndani ya saa 2. Hata betri iliyokwisha, isiyowasha tena kirimoti, bado ina nguvu ya kuunguza.

Dalili hufanana na za mafua au mtoto kukataa chakula: mate mengi, kikohozi, kulia anapomeza, kutapika. Wengine hawaonyeshi chochote mwanzoni. Mzazi akishuku tu, aende moja kwa moja kwenye hospitali yenye eksirei. Asimtapishe mtoto, asimpe ugali au ndizi "isukume". Miongozo ya wataalamu wa sumu wa Marekani inaruhusu asali kwa mtoto aliyezidi mwaka 1, kama hazijapita saa 12 tangu ameze na bado anaweza kumeza: vijiko 2 vya chai kila dakika 10, visizidi mara 6, huku safari ikiendelea. Asali haipo nyumbani? Usiitafute, panda pikipiki.

Kwenye eksirei sarafu huonekana duara moja. Betri mara nyingi huonyesha duara ndani ya duara, na daktari ataitazama alama hiyo kama ameambiwa kuna betri iliyopotea. Kwa hiyo beba kile kirimoti, au pakiti ya betri. Namba iliyoandikwa pale, kwa mfano CR2032, humwambia upana na unene wa kilichomezwa.