Stesheni: 'Ni' Hii ni Silabi au Kiambishi?

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, hebu tulitazame neno 'stesheni'. Hapa Fort Ternan maana yake si ngeni: reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 ilipitia papa hapa. Linalotatiza ni umbo lake.

Viambishi tamati '-tion' na '-sion' viliingia katika Kiingereza kupitia Kifaransa. Kiswahili kikavipokea kama '-sheni': stesheni, oparesheni, televisheni. Irabu 'i' iliongezwa mwishoni ili silabi iwe wazi, na mkazo ukaangukia silabi ya pili kutoka mwisho: ste-SHE-ni.

Kwanza, 'sh' ni konsonanti moja japo ina herufi mbili. Kwa hivyo 'she' ni KV, ilhali 'ste' ni KKV. Unapohesabu mizani ya mshororo, 'stesheni' ni mizani tatu nayo 'televisheni' ni tano.

Pili, usiikate 'ni' ukadai kuwa ni kiambishi cha mahali. 'Kituoni' ni kituo + ni, ndiposa tunasema "kituoni pamejaa watu". Lakini tunasema "stesheni imejaa watu", katika ngeli ya I-ZI. Isitoshe, Kiswahili hakina neno 'steshe'. Kilichokuwa kiambishi ugenini kimemezwa na shina.

Hivyo basi, ukiulizwa silabi, sikiliza matamshi. Ukiulizwa mofimu, tafuta maana. Anayeyachanganya haya mawili hupoteza alama katika sarufi na katika ushairi vilevile.